Herufi Tatu Mwishoni mwa Faili la Gemu

Anayeanza kutengeneza modi, yaani marekebisho ya gemu yanayofanywa na wachezaji wenyewe, hukutana mapema na mafaili yasiyofunguka. Picha anaitambua kwa .jpg na muziki kwa .mp3, lakini ndani ya folda ya gemu anakuta .wad, .mpq, .esm, .nif. Akibofya, kompyuta inamuuliza atumie programu gani. Wengi huishia hapo, wakiamini kwamba herufi hizo hazina maana kwa mtu wa kawaida. Zina maana. Kila kundi lilichaguliwa na mtu kwa sababu fulani, na mara nyingi linaonyesha kama mtengenezaji alitaka mchezaji aingie ndani ya gemu au abaki nje.

Hata idadi ya herufi hizo, tatu, ina historia. Mfumo wa MS-DOS uliruhusu jina la faili liwe na herufi zisizozidi nane, kisha nukta, kisha herufi zisizozidi tatu. Kampuni ya Marekani id Software ilipotoa Wolfenstein 3D mwaka 1992, ilizitumia hizo tatu kutofautisha matoleo: toleo la bure, lenye sehemu moja ya gemu, lilikuwa na mafaili ya .WL1, na toleo kamili lenye sehemu sita lilikuwa na .WL6. Wachezaji walianza kubadilisha ramani na picha, lakini hawakuwa wameandaliwa njia. Ilibidi waandike juu ya mafaili halisi ya gemu, na gemu ya asili ikapotea kwenye kompyuta zao mpaka waisakinishe upya.

John Carmack, mwandishi mkuu wa programu wa id, alilichukua jambo hilo kwa uzito. Doom ilipotoka tarehe 10 Desemba 1993, ramani, picha na sauti zote zilikuwa zimetenganishwa na programu yenyewe na kufungwa ndani ya faili moja la .WAD. Jina lilitoka kwa Tom Hall, mmoja wa waanzilishi wa kampuni. Ni ufupisho wa Where's All the Data, yaani "Data yote iko wapi?"

Lifungue faili hilo kwa programu inayoonyesha baiti moja moja. Baiti nne za kwanza ni herufi zinazosomeka: IWAD au PWAD. IWAD ni faili la gemu yenyewe. PWAD ni kiraka kilichotengenezwa na mtu mwingine. Baiti nne zinazofuata zinataja idadi ya vipande vilivyomo, na nne nyingine zinaonyesha orodha ya vipande inaanzia wapi. Katika orodha, kila kipande kina baiti 16: mahali kinapoanzia, ukubwa wake, na jina lisilozidi herufi nane. Ramani ya kwanza inaitwa E1M1, na nyuma yake zinafuata THINGS kwa maadui na silaha, LINEDEFS kwa mistari ya kuta, SECTORS kwa vyumba. Kijana mwenye daftari na subira anaweza kuuchora muundo wote kwenye ukurasa mmoja.

Uzuri wa muundo huo uko katika namna injini, yaani programu inayoendesha gemu, inavyotafuta kipande. Inaanza mwisho wa orodha na kurudi nyuma. PWAD ikipakiwa baada ya IWAD na ndani yake kuna kipande kinachoitwa E1M1, injini inakikuta hicho kwanza na kukitumia. Ile E1M1 ya awali ipo palepale, haijaguswa. Ukiondoa kiraka, gemu inarudi ilivyokuwa. Aliyetengeneza ramani naye hakuhitaji kugawa data za id. Aligawa kazi ya mikono yake tu. Herufi za mwisho nazo zina kazi ya kweli hapa: faili lisiloishia na wad, injini ya awali ya Doom ililihesabu kuwa kipande kimoja tu badala ya kifurushi. Biashara haikusahaulika pia, kwa kuwa toleo la bure lilikataa kupakia viraka na kumtaka mchezaji anunue gemu. Nauona mpangilio huo kuwa wa haki kwa pande zote mbili, na matunda yake yalionekana: mwaka 1996 id ilitoa Final Doom, iliyojengwa kwa ramani za watu waliotoka miongoni mwa wachezaji hao hao.

Kampuni ya Blizzard ilifuata njia nyingine. Kifurushi chake cha .MPQ, kilichotumika katika Diablo, StarCraft na Warcraft III, kimebeba jina la aliyekitunga: ni ufupisho wa Mike O'Brien Pack. Ndani yake jedwali halihifadhi majina ya mafaili, bali namba zinazokokotolewa kutoka kwenye majina hayo. Utafutaji unakuwa wa haraka, ila mtu wa nje anakuta data zisizo na majina. Warekebishaji walilazimika kukusanya majina na kuyajaribu, wakijenga orodha ndefu walizogawana. Hata hivyo Blizzard haikufunga kila kitu. Warcraft III ilikuja na programu ya kutengeneza ramani, na ramani ya wachezaji iitwayo DotA ilizaliwa humo.

Walioacha alama nyingi zaidi za zamani ndani ya mafaili yao ni kampuni ya Bethesda. Morrowind ya mwaka 2002 ilileta .esm na .esp, Elder Scrolls Master na Elder Scrolls Plugin: faili kuu, na faili la nyongeza linaloliegemea. Elder Scrolls ni jina la mfululizo wao wa gemu, lakini Fallout 3 ya mwaka 2008, ambayo haimo katika mfululizo huo, inaanzia kwenye Fallout3.esm. Chungulia ndani ya faili la Skyrim, gemu ya tano katika mfululizo, na kichwa chake bado kinasomeka TES4. Maumbo ya vitu yamo katika .nif, jina lililotokana na NetImmerse, injini ambayo baadaye ilibadilishwa jina.

Urithi huo una gharama inayowagusa wachezaji. Kila kitu katika Skyrim kina namba ya tarakimu nane katika mfumo wa kumi na sita, na mbili za mwanzo zinataja faili kilikotoka. Mbili hizo zinatoa nafasi 256 tu, na FF imetengewa vitu vinavyozaliwa wakati wa kucheza. Zimebaki 255, na mwenye modi nyingi huzimaliza. Ndipo likaja .esl, faili jepesi: yote ya aina hiyo yanagawana nafasi moja ya FE, hadi mafaili 4,096. Lakini faili lililoandikwa .esp linaweza kubeba alama ya ndani inayolifanya lihesabiwe jepesi, kwa hiyo jina pekee halitoshi. Sharti mtu atazame ndani.

Ujuzi wa kutazama ndani haukutoka kwa kampuni peke yake. Muundo wa .nif ulichunguzwa na kuandikwa na watu wa kikundi cha NifTools, wakatoa NifSkope, programu inayolifungua faili hilo bila malipo. Carmack alitoa msimbo wa Doom hadharani Desemba 1997, na ndiyo maana hata leo yeyote anaweza kuhakiki nilichoeleza kuhusu utafutaji wa kinyumenyume. Quake III Arena ya mwaka 1999 nayo ilirahisisha mambo: .pk3 yake ni ZIP ya kawaida iliyobadilishwa jina.

Jumuiya ya Doom ina desturi ya kuambatanisha kila .wad na faili dogo la .txt linaloeleza kazi ni ya nani na wengine wanaruhusiwa kuifanyia nini. Nawaomba vijana wanaotengeneza modi kwa Kiswahili, ziwe za mabasi, mpira au vita, waichukue desturi hiyo. Andikeni modi ni ya gemu gani na toleo lipi, imebadilisha mafaili gani, ipakiwe baada ya ipi, na nani ana ruhusa ya kuiendeleza. Iandikeni kwa Kiswahili, ili anayeanza asikwame pale mlipokwama ninyi.