Kuvu na Bakteria Katika Ukoga wa Meno

Uamkapo asubuhi, kabla hujapiga mswaki, pitisha ulimi juu ya meno yako, nawe utasikia utelezi. Huo ndio ukoga. Wengi hudhani kuwa ni mabaki ya chakula tu, lakini sivyo. Umejaa viumbe hai vidogo mno. Mwaka 1683 Antoni van Leeuwenhoek, mwuza nguo wa mji wa Delft katika Uholanzi, alikwangua ukoga wa meno yake mwenyewe, akautazama kwa kioo cha kukuzia, akaona vidudu vikitembea. Hakuwa tabibu wala mwanachuoni, ila alikuwa na subira ya kutazama.

Wenyeji wengi wa ukoga ni bakteria. Mmoja wao, aitwaye mutansi, hula sukari na kutoa tindikali iyeyushayo gamba gumu la jino. Tena huigeuza sukari kuwa kitu chenye kunata kama ulimbo. Kinywani imo pia kuvu iitwayo kandida, jamaa ya hamira, ambayo katika vinywa vya watu wengi hukaa bila kudhuru.

Pasipo sukari viumbe hivi viwili havishikamani sana. Sukari ikija, ule ulimbo wa mutansi hujengwa hata juu ya mwili wa kandida, nayo kandida hutoa nyuzi ndefu. Basi ukoga hunenepa na kuwa mkali. Mwaka 2014 wataalamu wa Marekani walieleza kwamba panya waliotiwa vyote viwili waliharibika meno kuliko waliotiwa kimoja tu. Mwaka 2022 yalionekana mambo ya ajabu zaidi katika mate ya watoto wadogo wenye meno mabovu: bakteria wasioweza kutembea walichukuliwa na nyuzi za kuvu, na kundi zima likasogea, hata kuruka, kutoka mahali hata mahali. Kundi hilo lilistahimili dawa na kukwanguliwa kuliko kila kiumbe peke yake.

Mtoto alazwaye na chupa ya maziwa yenye sukari huyalisha makundi hayo usiku kucha, nayo mate hupungua tukilala. Meno ya mbele ya juu huanza kutoka madoa meupe kama chokaa, karibu na ufizi. Doa lingali jeupe laweza kupona, kwa kuwa mate hulirudishia jino madini yake; lakini likiisha kutoboka, tundu halizibi lenyewe.