Grace Kelly: Kipaji, Umaarufu na Uhuru wa Mwana wa Mungu

Wazazi wengi katika parokia zetu wanauliza: je, binti Mkatoliki anaweza kuwa mwanamitindo au mwigizaji wa filamu bila kuipoteza imani yake? Swali hili ni zito, hasa katika nyakati hizi ambapo simu ya mkononi imeufanya umaarufu uonekane kuwa karibu na kila kijana. Wapo wanaojibu kwa kukataza tu, na wapo wanaoshangilia bila kuhoji lolote. Sisi tunaona vema kulitafakari jambo hili kwa kuyatazama maisha ya mwamini mmoja aliyeupitia ulimwengu huo angali kijana.

Grace Kelly alizaliwa tarehe 12 Novemba 1929 mjini Philadelphia, Marekani, katika familia ya Kikatoliki. Baba yake alikuwa bingwa wa Olimpiki wa kupiga makasia na tajiri wa ujenzi. Masomo yake ya awali aliyapata katika shule ya Masista wa Assumption. Alipotamani kuwa mwigizaji, wazazi wake hawakufurahi. Hata hivyo, alikwenda New York kusomea sanaa ya maigizo, akaishi katika hosteli ya wanawake, na kujilipia masomo kwa kazi ya uanamitindo: kupigwa picha za magazeti na matangazo ya biashara.

Filamu yake ya kwanza ilitoka mwaka 1951, na mwaka uliofuata akaonekana katika “High Noon”. Ndipo kampuni ya MGM ilipomtaka kwa ajili ya “Mogambo”, filamu iliyopigwa hapa kwetu Afrika Mashariki, zikiwemo Kenya na Tanganyika. Hapa tunaomba msomaji atue kidogo. Mkataba aliowekewa mezani ulikuwa wa miaka saba. Naye, binti wa miaka ishirini na mitatu hivi, alitaja masharti yake kabla ya kutia sahihi: aruhusiwe kuendelea kuishi New York, na apate muda wa kurudi kwenye jukwaa la maigizo. Alikubaliwa. Baadaye alipokataa kazi alizoona hazimfai, kampuni ilimsimamisha, naye hakutetereka.

Mwaka 1955, akiwa na umri wa miaka 25, alitwaa tuzo ya Oscar ya mwigizaji bora wa kike kwa filamu “The Country Girl”. Mwaka uliofuata alifunga ndoa na Rainier wa Tatu, mtawala wa Monaco. Ibada ya ndoa ilifanyika katika Kanisa Kuu tarehe 19 Aprili 1956, na shada lake la maua akaliacha katika kanisa la Mtakatifu Devota, shahidi na msimamizi wa Monaco. Filamu alizocheza zilikuwa kumi na moja tu. Baada ya hapo hakurudi tena Hollywood. Alilea watoto watatu, akaanzisha chama cha kimataifa cha kuwatetea watoto, na kuwasaidia wasanii. Alifariki dunia tarehe 14 Septemba 1982, kufuatia ajali ya gari, akiwa na umri wa miaka 52.

Hatumtangazi kuwa mtakatifu. Hiyo ni kazi ya Mama Kanisa. Wala hatusemi kwamba kila msichana aache kazi anapoolewa, kwa maana wapo wengi wanaotimiza miito yote miwili kwa uaminifu. Tunachojifunza ni kwamba kipaji kilikuwa mikononi mwake, yeye hakuwa mikononi mwa kipaji. Aliweza kusema “ndiyo”, na aliweza kusema “hapana”.

Kanisa haliioni sanaa kuwa adui. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika Hati “Inter Mirifica” ya mwaka 1963, unavipokea vyombo vya mawasiliano, filamu ikiwemo, kama zawadi, lakini unakazia kwamba sheria ya maadili iko juu ya sanaa pia. Naye Mtakatifu Yohane Paulo wa Pili aliwaandikia wasanii barua mwaka 1999, akiwatambua kuwa watumishi wa uzuri. Uzuri wa mwili ni karama. Lakini mwili ni hekalu la Roho Mtakatifu, wala si bidhaa ya kupangwa dukani.

Basi, wazazi wapendwa, msiishie kukataza. Keti na mwanao, usome naye mkataba kabla hajatia sahihi, na mjiulize maswali haya: Picha hizi zitakuwa mali ya nani, na zitatumika wapi? Je, anaweza kukataa vazi au tendo linalomvunjia heshima, bila kutishwa? Je, Dominika atapata nafasi ya kusali? Anayemwita kazini anakubali mzazi awepo? Palipo na siri, shinikizo au ahadi za haraka, hapo ondokeni.

Nanyi vijana, umaarufu hupita. Grace Kelly aliufikia mapema kuliko wengi, akauacha angali unamng’ang’ania. Ombeni neema ya kukitumia kipaji chenu kwa sifa ya Mungu, na ya kutokuwa watumwa wa makofi ya watu.