Vumbi la Shinkolobwe: Madhara ya Bomu Huanzia Mgodini

Wengi wetu tumesikia habari za bomu la atomiki lililoangushwa Hiroshima, Japani, tarehe 6 Agosti 1945. Wachache wanajua kwamba sehemu kubwa ya urani ya bomu hilo ilitoka Afrika, katika mgodi wa Shinkolobwe karibu na Likasi, Katanga, nchini Kongo, ambako watu husema Kiswahili kama sisi.

Kwa nini tulizungumze jambo hili Madimba? Gesi inayosafishwa hapa kwetu tangu 2015 si urani. Lakini jirani zetu wa Namtumbo, mkoani Ruvuma, wana hazina kubwa ya urani penye Mto Mkuju, na vijana huifuata kazi popote ilipo.

Mambo yalivyokuwa

Mgodi ulikuwa wa kampuni ya Kibelgiji, Union Minière. Mwaka 1940 mkuu wake, Edgar Sengier, alipeleka New York tani zipatazo 1,200 za mawe ya urani, na mwaka 1942 jeshi la Marekani likayanunua. Kazi ilikuwa ya siri. Wachimbaji hawakuambiwa mawe yale yanakwenda kutengeneza nini.

Mashimo yalizibwa kwa zege mwaka 1960. Baadaye umaskini uliwarudisha watu kuchimba kobalti na shaba papo hapo. Januari 2004 serikali ilipiga marufuku uchimbaji, lakini Julai mwaka huo sehemu ya mgodi iliporomoka na kuua watu wanane.

Huko Marekani nako, taka za kusafishia urani zilichafua kijito cha Coldwater, karibu na St. Louis. Sheria ya fidia ya Marekani ya 1990 ilipanuliwa mwaka 2025 ikawafikia wakazi wa huko. Wachimbaji wa Kongo hawamo katika sheria hiyo.

Urani hudhuru vipi?

Jiwe likichimbwa na kupondwa hutoa vumbi, na pia gesi iitwayo radoni isiyo na rangi wala harufu. Vikivutwa kwa miaka mingi vyaweza kuleta saratani ya mapafu, na mvutaji sigara yumo hatarini zaidi. Urani ikiingia katika maji ya kunywa hudhuru figo. Ugonjwa huchelewa kujitokeza, ndiyo maana mtu hudhani yu salama.

Tufanye nini?

1. Anayekwenda kufanya kazi katika mgodi wa urani aulize kama wafanyakazi hupimwa mionzi na kama hewa safi inaingizwa mashimoni. Kitambaa cha puani hakizuii radoni.

2. Aoge na kubadili nguo kabla ya kurudi nyumbani. Vumbi la nguoni huwafikia watoto.

3. Mawe na mchanga wa mgodi huo visijengee nyumba.

4. Mwenye kikohozi kisichokwisha apimwe kifua kikuu, tena amweleze daktari kama aliwahi kuchimba urani.

5. Wanakijiji walio karibu na mgodi waombe kuelezwa matokeo ya vipimo vya maji yao. Usalama wa mionzi husimamiwa na Tume ya Nguvu za Atomiki Tanzania.

Wa Shinkolobwe walifichwa. Sisi tuulize mapema, kabla vumbi halijaingia nyumbani.