Tuwapeleke Watoto Wakayaone Maji Yakipwa

Hakuna mwalimu wa Kiswahili humu nchini ambaye hajasahihisha insha iliyofungwa kwa methali 'Maji yakijaa hupwa'. Mwanafunzi huiandika kwa mwandiko wa kupendeza, huipigia mstari, naye mwalimu humwongezea alama. Lakini mwulize mwanafunzi huyo, hasa aliyezaliwa Nyeri, Kakamega au Kitui, maji hayo hujaa wapi na hupwa vipi. Aghalabu atakujibu kuwa ni maji ya mto yanayofurika wakati wa masika kisha yakapungua. Si kosa lake. Hajayaona. Na mara nyingi mwalimu wake hajayaona pia.

Fauka ya hayo, tumewakaririsha watoto vitawe hadi wakavijua kama majina yao. Kaa ni kuketi, ni kipande cha makaa, tena ni mnyama wa pwani. Taa ni chombo cha mwanga, tena ni samaki. Kamba ni ya kufungia mbuzi, tena huliwa. Mkunga huwazalisha wajawazito, tena huishi katika mapango ya miamba baharini. Mtoto akitaka kujua zaidi hufungua kamusi, na kamusi zetu, ambazo mimi naziheshimu kwa kuwa ndizo zinazonipa riziki, humjibu kwa maneno matatu tu: aina ya samaki. Changu, aina ya samaki. Tafi, aina ya samaki. Chewa, aina ya samaki. Mtoto wa bara hutoka humo akiwa na samaki mmoja mwenye majina ishirini.

Mimi ni mhadhiri wa isimu, na ni mama wa watoto wawili waliokuwa katika hali hiyo hiyo. Ndipo nilipoamua kuwapeleka Watamu, katika hifadhi ya taifa ya bahari, siku moja nzima, wakawaone hao 'aina ya samaki' kwa macho yao. Wapo watakaosema kuwa matembezi ya namna hii ni anasa ya watalii. Nawakumbusha kuwa hifadhi za Malindi na Watamu zilitengwa mwaka wa 1968, miongoni mwa za mwanzo barani Afrika. Na ukiongeza ile ya Mombasa, na ya Kisite iliyo kusini mwa kisiwa cha Wasini, utaona kuwa mali tunayo. Tunachokosa ni mazoea ya kuitazama.

Safari ya kwanza niliiharibu mwenyewe. Niliipanga kama mwalimu anavyopanga ratiba ya somo: gari moshi hadi Mombasa, matatu hadi Watamu, kiamshakinywa saa moja, mashua saa nne, chakula saa saba. Nilichagua Agosti kwa kuwa shule zilikuwa zimefungwa. Nilifikiria kila kitu isipokuwa bahari yenyewe. Tulipofika ufuoni saa nne kamili, maji yalikuwa yamejaa, upepo wa kusi ulikuwa ukivuma, na mashua yenye sakafu ya kioo ilirushwa huku na huko kama ungo wa kupepetea. Chini ya kioo tuliona ukungu wa kijani. Mwanangu wa kiume alitapika. Dada yake, aliyewahi kuwaona kwenye televisheni pomboo wa Marekani wakiruka ndani ya pete kila filimbi inapolia, alimgeukia nahodha akamwuliza kwa adabu:

"Babu, pomboo wanaanza saa ngapi?"

Mzee yule alicheka hadi akapangusa macho. "Hawa hawana mwajiri, mjukuu wangu," akamwambia. Kisha akanitazama mimi. "Mwalimu, wewe umekuja na saa. Huku watu huja na mwezi."

Sijapata kusahihishwa vizuri namna ile tangu nilipoitetea tasnifu yangu. Swali la mtoto halikuwa la kijinga hata kidogo. Huko ng'ambo zipo bustani ambamo wanyama wa baharini hufugwa katika madimbwi ya saruji na kuonyesha michezo kwa ratiba iliyobandikwa langoni. Wenyewe huko wameanza kulitilia shaka jambo hilo, na mwaka wa 2016 kampuni ya SeaWorld ilitangaza kuwa itaacha kuwazalisha nyangumi aina ya orka katika bustani zake. Lakini picha zilikwisha kufika sebuleni kwetu, na mtoto wa Kenya mwenye pomboo huru katika bahari yake anadhani pomboo ni mtumishi.

Basi nilijifunza kuja na mwezi. Naomba niliseme hili kwa urefu kidogo, kwa sababu walimu wengi hupeleka wanafunzi pwani kwa ratiba kama ile yangu. Bahari hujaa mara mbili na hupwa mara mbili kwa muda wa kama siku moja, na kila siku hali hiyo huchelewa kwa dakika hamsini hivi. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, huja bamvua: maji hujaa sana na hupwa sana, na tofauti kati ya kujaa na kupwa katika pwani yetu huweza kukaribia mita 4. Mwezi ukiwa nusu huwa ni maji mafu, yasiyokwenda mbali wala kupanda sana. Sasa tazama hesabu. Siku za bamvua, maji ya pwani yetu hupwa kabisa yapata saa nne hadi saa tano asubuhi, wakati jua limepanda na watoto hawajachoka. Wiki moja baadaye, siku za maji mafu, saa hiyo hiyo utayakuta yamejaa. Nami siku ile ya Agosti nilikuwa nimefika mwezi ukiwa nusu! Kalenda yoyote yenye alama za mwezi ingaliniokoa, seuze jedwali la maji ambalo wavuvi na mabaharia hulitumia.

Liko pia suala la pepo. Kusi huvuma kuanzia Aprili hadi yapata Septemba, na bahari huchafuka. Kaskazi hutawala kuanzia Desemba hadi Machi, na bahari huwa shwari na angavu. Likizo ya Desemba basi ndiyo yenye heri, ilhali ya Aprili huangukia mvua na ya Agosti huangukia mawimbi.

Tulirudi Desemba, siku ya pili baada ya mwezi mpevu. Tulishuka ufuoni kabla ya saa nne, na bahari haikuwepo. Ilikuwa imeondoka, imeacha mchanga wenye mikunjo, vidimbwi, nyasi za bahari zilizolala, na kina mama wawili waliokuwa wakirejea na ndoo zao. Mwanangu alisimama kimya kwa muda, kisha akauliza maji yamekwenda wapi. Nilikuwa na methali mdomoni. Nilijizuia. Nilimwambia tu kwamba maji yamepwa, na kwamba mahali hapa panapokauka maji yanapoondoka ndipo Waswahili walipopaita pwa, na tukiongeza -ni ya mahali tunapata pwani. Jina la mkoa mzima ule wa zamani limetokana na kitendo alichokuwa akikitazama. Alikanyaga mchanga mara mbili tatu kama anayejaribu kiatu kipya.

Katika mashua, sasa maji yakiwa haba juu ya miamba, kioo kilifunguka kama kitabu. Nahodha alikuwa yule yule. Aliwavisha watoto jaketi za kuelea, akazikaza mwenyewe (mwalimu asikubali jaketi ya mtu mzima kwa mtoto, humtoka kichwani akianguka majini), kisha akaanza kutaja. Kangaja, mwembamba kama sahani. Bunju, anayejivimbisha akichokozwa. Kiti cha pweza, yule mwenye ncha tano, ambaye mtoto wangu alimjua kwa Kiingereza kuwa nyota lakini Mswahili akamwona kuwa kigoda. Alitusimulia habari za papa shilingi, samaki mkubwa kupita wote duniani, asiyemdhuru mtu, ambaye mgongo wake umetapakaa madoa kama sarafu. Waingereza walipomtazama walimfikiria nyangumi; wenzetu walifikiria fedha. Lugha mbili zimemtazama mnyama mmoja, kila moja ikaona lake. Hilo ni somo la semantiki ambalo darasani hunichukua wiki mbili.

Aliyetupendeza kuliko wote ni pono. Watoto wetu hukariri tashbihi 'lala kama pono' pasi na kujua pono ni nani. Ni samaki wa rangi za kung'aa, mwenye meno yaliyoungana kama mdomo wa kasuku, naye hukwangua matumbawe mchana kutwa. Ukitia kichwa majini utamsikia akitafuna. Mawe anayoyasaga humtoka kama mchanga mweupe, na sehemu ya mchanga tuliokuwa tumeukanyaga asubuhi ilipitia tumboni mwake. Binti yangu alilipokea jambo hili kwa kicheko kisichoelezeka. Na usiku pono hulala kweli! Baadhi yao hujitolea utando wa ute kinywani, wakajifunika kama ndani ya chandarua, wakatulia humo hadi alfajiri. Waliotunga tashbihi hiyo hawakubuni. Walikwenda baharini usiku na mienge, wakaona.

Matumbawe yenyewe si mawe, ingawa wahenga waliyajengea nyumba na misikiti. Ni makao ya wanyama wadogo mno wanaoishi kwa jamii. Mwaka wa 1998 joto la bahari lilipanda, matumbawe yakapauka na mengi yakafa katika pwani yetu. Nahodha anaukumbuka mwaka huo kama watu wa bara wanavyoukumbuka mwaka wa ukame. Kwa hiyo mtoto asiyakanyage, asiyashike, wala asichukue kombe la ukumbusho. Mkate wa kuwarushia samaki ubaki mezani. Samaki anayengoja mkate haendi kula mwani unaosonga matumbawe. Maji ya kunywa yabebwe katika chupa za kudumu, kwani tangu tarehe 5 Juni 2020 plastiki za kutumiwa mara moja zimepigwa marufuku katika hifadhi zetu. Sababu yake mtoto ataielewa upesi: kasa humla konyeza, yule mnyama laini aeleaye kama mfuko mtupu, na hawezi kumtofautisha na mfuko wenyewe. Badala ya mafuta ya kujipaka dhidi ya jua, fulana ya pamba yenye mikono mirefu yatosha.

Jambo moja zaidi kwa walimu wa bara. Mto Athi, unaoanzia nyanda za juu karibu na Nairobi, hubadili jina ukawa Galana, kisha Sabaki, ukamwaga maji yake kaskazini mwa Malindi. Mvua zikinyesha huko juu, bahari ya Malindi hugeuka rangi ya chai ya maziwa, na udongo huo huwatulia matumbawe kichwani. Mwanafunzi wa Machakos akiuona udongo ule anauona udongo wa shamba la babu yake. Sidhani kuwa kuna somo la jiografia lenye nguvu zaidi ya hilo.

Nisije nikaonekana nimelewa uzuri wa mahali, niseme na la uchungu. Ndani ya hifadhi hairuhusiwi kuvua. Babake nahodha alivua pale pale tulipoelea, kabla ya 1968. Mwanawe leo hubeba wageni. Wapo watoto wanaoishi mwendo wa nusu saa kutoka lango lile ambao hawajaingia hata mara moja, kwa kuwa mashua hulipiwa na kiingilio hulipiwa, hata kama cha mtoto ni kidogo kuliko cha mtu mzima. Shule zikienda kwa pamoja gharama hupungua, na naona ni wajibu wa kila shule ya bara inayokodi mashua kuacha nafasi chache kwa watoto wa shule jirani ya pale. Hao ndio watakaowafundisha wenzao kutamka. Maana majina haya hayamo vitabuni. Yamo vinywani mwa wavuvi, na mvuvi ambaye mwanawe havui hana wa kumwachia. Nguva amekuwa mfano: mnyama wa kweli, anyonyeshaye, mla nyasi za bahari, leo amebakia mchache mno katika maji yetu, na wanafunzi wangu wengi wa mwaka wa kwanza huniambia kwa uhakika kuwa nguva ni msichana mwenye mkia wa samaki. Mnyama ameanza kuondoka, na neno lake limekwisha kuhamia kwa mwingine.

Tulipokuwa tukirudi ufuoni, maji yameanza kupanda, binti yangu alikionyesha kisamaki chenye mistari ya njano na buluu akauliza jina lake. Nahodha alitaja jina. Kijana wake aliyeshika usukani alitaja jingine. Mzee akasema hilo ni la samaki anayefanana naye tu; kijana akasema ndivyo wanavyomwita kwao Malindi. Walibishana hadi mashua ikagusa mchanga. Nimeyaandika majina yote mawili katika daftari, kila moja na alama ya kuuliza, na nimeweka alama kwenye kalenda palipo na mwezi mpevu wa Desemba ijayo.