Sanamu Zilizorudi Kuwa Tope

Anayekusanya sanamu ndogo za kale hukusanya zilizobahatika kubaki. Kilangali, kata ya mpunga wilayani Kilosa, ni mahali pazuri pa kulielewa hilo, kwa kuwa mashamba yanayoshika maji namna ile ni kaburi la udongo mbichi.

Sanamu ya udongo iliyoanikwa juani ni ngumu mkononi, lakini ikilowa inarudi kuwa tope. Ili isirudi, inahitaji moto wa nyuzi 550 hadi 600 hivi za Selsiasi. Hapo maji yaliyofungwa ndani ya madini yenyewe hutoka, na udongo unakuwa kigae moja kwa moja. Moto wa wazi wa mfinyanzi wa kijijini unalifikia joto hilo bila shida. Ndiyo maana sanamu ya mwanamke ya Dolní Věstonice, huko Cheki, yenye urefu wa sentimita 11 hivi, ilichimbuliwa mwaka 1925 ikiwa imemaliza zaidi ya miaka 25,000 ardhini. Ilichomwa.

Kwetu nyingi hazikuchomwa, na kwa makusudi. Hans Cory, mzaliwa wa Vienna aliyekuwa mtaalamu wa jamii katika serikali ya kikoloni ya Tanganyika, alikusanya sanamu za jando na unyago kwa Wasambaa, Wazigua na jirani zao, akazitolea kitabu mwaka 1956. Kila sanamu ilikuwa na wimbo wake, na fundisho lilikuwa ndani ya wimbo. Mwali akishaelewa, kazi ya sanamu imekwisha, inaachwa irudi kuwa tope. Mchimbaji wa karne zijazo atakuta vigae vya vyungu, makaa na mavi ya chuma, mwalimu hatamwona.

Mti nao una mchwa. Mwana hiti, kisanamu cha Wazaramo, Wakwere, Waluguru na Wakaguru wa milima ya Kilosa, ni kigogo kinachoenea kiganjani: hakina mikono wala miguu, kina matiti madogo na kitovu, na kichwani nywele zimegawanyika mafungu mawili. Mwali aliyewekwa ndani alikiogesha na kukipaka mafuta kama mtoto. Mafuta hayo, yakishikana na hewa na jasho la viganja, huacha ule mng'ao wa kahawia ambao wanunuzi wa Ulaya huulipia fedha nyingi, na ambao waghushi huuiga kwa moshi na rangi ya viatu.

Maabara hapo haisaidii sana. Umri wa mti hupimwa kwa kaboni 14, lakini kiwango chake hewani kilipanda na kushuka kati ya 1650 na 1950 hivi, kwa hiyo kipimo kimoja huweza kuangukia enzi ya Wareno au ya Wajerumani. Naiamini zaidi lebo ya makumbusho yenye jina la kijiji.

Kigae kina afadhali: umri wake hupimwa kwa mwanga kinaoutoa kikipashwa moto, unaotokana na mionzi kiliyojilimbikizia ardhini tangu kilipochomwa. Lakini hesabu inadai kiwango cha mionzi ya udongo ulioizunguka sanamu. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inalinda vitu vilivyotengenezwa kabla ya 1863. Kwa hiyo jembe likiibua kichwa cha sanamu ya udongo, kiachwe palepale na taarifa itolewe. Kikishatolewa na kusuguliwa kwa sabuni ili kipendeze kabatini, nusu ya hesabu imebaki shambani.