Dei kea zinauza saa, wazazi wanadai daftari

Tangu sera ya mwaka 2014 ilipoifanya elimu ya awali kuwa ya lazima na bila ada katika shule za serikali, dei kea za Dar es Salaam zingetarajiwa kufunga mageti. Hazijafunga. Darasa la awali huruhusu watoto mapema, na mama mwenye duka Kariakoo hafungi hadi jioni. Saa hizo za katikati ndizo zinazouzwa.

Kama zinalipa ni habari nyingine. Mwenye kituo mmoja wa Tabata anasema kodi ya nyumba yenye uzio anadaiwa ya miezi sita mbele, huku wazazi wakilipa kwa mwezi, wengine kwa wiki, na siku hizi wapo wa siku kwa siku. Likizo mtoto anapelekwa kwa bibi, ada inakatika, lakini dada wa malezi anataka mshahara wake. Kila Januari shule zinamchukulia wakubwa, ambao hula na kwenda chooni wenyewe, anabaki na wa nepi, ambao dada mmoja hawezi kushika wengi. Bado zimamoto, afya, ustawi wa jamii na leseni: kila mmoja na risiti yake, anasema, na wengine bila risiti.

Kinachomuudhi zaidi ni mzazi anayefungua begi jioni kutafuta daftari. Mtoto wa miaka 3 aliyeshinda akichezea maji, mchanga na vifuniko vya chupa huonekana hajafundishwa kitu. Mwenye kituo huyo amesomea malezi, anajua mtoto anajifunza nini hapo. Hata hivyo ananunua madaftari, na mwisho wa mwaka anakodi majoho ya mahafali.

Afisa mmoja wa halmashauri anasisitiza kiwango cha darasa la awali ni mwalimu mmoja kwa watoto 25. Alipoulizwa darasa la awali la shule ya jirani lina wangapi, alirudia 25. Vituo bubu navyo, anasema, vitasajiliwa. Sheria ya Mtoto inayodai usajili huo ni ya mwaka 2009, na vituo hivyo mtaa mzima unavijua.

Wateja huenda wakaongezeka, maana akina mama hawarudi kukaa nyumbani. Lakini mwenye kituo wa Tabata anafikiria kuacha kupokea wa nepi. Jirani yake asiye na leseni anawapokea, na kwa bei ya chini.