Springi ya Kabureta na Waya wa Eksileta: Kabla Hujapakia Kabichi, Fungua Boneti



Leo tuweke jembe pembeni kidogo, tufungue boneti ya gari. Najua kuna atakayesema, bwana shamba na kabureta wapi na wapi? Ngoja nikusimulie, utanielewa.

Huku Lushoto kabichi haijawa hela mpaka iteremke Mombo. Ni kilomita 33 hivi za kona, mlima upande mmoja, korongo upande wa pili. Msimu uliopita niliomba lifti kwa mzee mmoja jirani, mkulima ninayemtembelea shambani kila mwezi. Gari lake ni pikapu ya Datsun 1200, ile ya zamani yenye injini ya sisi 1,171. Vijana wanaiita kopo. Yeye huwajibu kwamba Datsun zilishinda Safari Rally mwaka 1970, 1971 na 1973, na wao hawajawahi kushinda hata bahati nasibu. (Zilizoshinda hazikuwa pikapu, lakini hilo huwezi kumwambia.)

Tulipopita Soni akainua mguu kwenye mafuta ili aingie kona. Gari halikupunguza. Injini ikazidi kunguruma, na mzigo unatusukuma kwa nyuma. "Mafuta yamenasa," akasema, tena kwa sauti ya chini. Akakanyaga breki kwa nguvu moja bila kupampu, akarudisha funguo hatua moja tu, gia akaiacha ilivyo. Injini ikazimika, ikawa breki yenyewe. Tulisimama tairi la mbele likiwa mtaroni, upande wa mlima. Miguu yangu ilikuwa inatetemeka, kushuka nikashindwa.

Kufungua boneti tukakuta mambo mawili. Springi ya kurudisha mafuta haikuwepo. Mahali pake palikuwa na kipande cha mpira wa tyubu, kimekatika. Na waya wa eksileta ulikuwa waya wa breki ya baiskeli, nyuzi zake zimechanika na kujikunja ndani ya ganda.

Kilichoniuma zaidi ni kwamba mpira ule nilishauona wiki mbili kabla. Nilicheka, nikamwambia, "Mzee wangu, wewe ni mbunifu." Nikimkuta mkulima anapima dawa kwa kifuniko cha soda namkataza pale pale. Kwenye gari nikasifia.

Kabichi tulizihamishia kwenye Canter ya watu, tukafika sokoni jioni bei imeshaanguka. Jumapili tukamwita fundi wa mtaani. Mimi nilishika tochi na daftari. Haya ndiyo niliyoandika.

Springi inafanya kazi gani

Ndani ya koo la kabureta kuna bati dogo la mviringo, tuliite kipepeo. Ukikanyaga pedeli ya mafuta, waya unavuta mkono ulio ubavuni mwa kabureta, kipepeo kinafunguka, injini inapata hewa na petroli zaidi. Sasa, waya unajua kuvuta tu, kusukuma haujui. Anayefunga ni springi. Springi ikikosekana, au waya ukikwama kwenye ganda lake, kipepeo kinabaki wazi hata kama umeshainua mguu.

Kwenye injini hii mabomba ya ekzosi yamekaa chini ya kabureta, upande ule ule. Joto linakausha mpira, na petroli ikiudondokea unalainika na kuoza. Ndiyo maana mpira wa tyubu hauna maisha pale.

Hatua za kufunga upya

1. Injini iwe imepoa. Toa waya mmoja wa betri. Sigara na jiko la mkaa vikae mbali, kuna petroli hapo.

2. Piga picha kwa simu kabla hujagusa kitu. Kila springi ina tundu lake. Ukikosea tundu moja tu mvuto unabadilika.

3. Toa eya klina, kisha funika mdomo wa kabureta kwa kitambaa safi. Nati ikidondokea humo, utafungua injini.

4. Kagua mkono wa kabureta kwa kidole, waya ukiwa umetolewa. Uzunguke laini mwanzo hadi mwisho. Ukikwama hapo, tatizo ni uchafu au mhimili kuchakaa, na springi mpya haitakusaidia.

5. Pitisha waya mpya. Uwe wa eksileta, wenye urefu na kichwa sahihi. Usiukunje kona kali na usiuache uguse ekzosi. Pale unapopenya ukuta wa chuma kuelekea kwa dereva, rudisha kile kipete cha mpira, la sivyo bati litaukata taratibu.

6. Acha ulegevu kidogo upande wa kabureta, kama milimita 1 hadi 2. Ukikaza mno kipepeo hakifungi chote na sailensa inakuwa juu. Ukilegeza mno, mlima utakushinda ukiwa na mzigo.

7. Weka springi mbili. Hili ndilo fundi alilisisitiza sana. Kila moja iwe na uwezo wa kufunga kipepeo peke yake, ili moja ikikatika nyingine ikufikishe. Zivute kwa mstari mmoja na mkono. Springi inayovuta upande inakula tundu la mhimili, hewa inaingia pembeni, gari linakosa sailensa. Usizitundike kwenye bomba la petroli wala kwenye waya wa umeme. Na usichukue springi ngumu kupita kiasi ukidhani ndiyo usalama, maana pedeli itakuwa nzito na waya utachoka mapema.

8. Waya wa choki usiusahau. Kitufe kikisukumwa ndani chote, bati la choki liwe wazi kabisa. Waya ukibana, choki inabaki nusu: moshi mweusi, petroli inaisha haraka, na injini inazunguka juu ukidhani ni eksileta.

9. Jaribu injini ikiwa imezimwa. Mtu mmoja akanyage pedeli hadi chini, mwingine aangalie kama kipepeo kimefunguka chote. Halafu aachie ghafla. Kinatakiwa kijifunge kwa mlio, tak! Rudia mara kumi. Kisha washa, na uendeshe kwanza barabara ya tambarare bila mzigo.

Springi zote mbili hazikufika bei ya soda mbili. Waya ndio uliokuwa na bei kidogo, na bado ulikuwa chini ya hasara ya kabichi za siku ile.

Tahadhari kwa wenye pampu za petroli

Najua wengi wenu hamna pikapu, mna pampu ya kumwagilia. Nayo ina kabureta na springi, ila usihamishe somo hili kama lilivyo. Pampu nyingi zina gavana. Springi ya gavana inavuta kwenda kufungua mafuta, na gavana ndiyo inayofunga mwendo ukizidi. Kwa hiyo ukiikata ikawa fupi, au ukaweka ngumu zaidi ili pampu "ipige maji vizuri", injini itakimbia kupita kiwango chake mpaka ivunje konrodi. Hapo weka ile ile ya aina ya injini yako, kwenye tundu lile lile, na usiongeze ya pili.

Mafuta yakinasa ukiwa njiani

Fanya alichofanya mzee kwenye gari la namna hii: breki kwa nguvu moja, funguo irudi hatua moja tu, gia ibaki. Usifikishe funguo pale inapofunga usukani, na usiitoe. Usiiname kuvuta pedeli kwa mkono huku gari linakwenda.

Juzi nilimpitia mzee. Baada ya shikamoo na marahaba akafungua boneti mwenyewe, akavuta mkono wa kabureta na kuuachia. Tak. "Unasikia bwana shamba? Leo usinisifie, kagua." Nikakagua. Ndani ya dashibodi ameweka springi moja ya akiba kwenye kopo la mbegu.

Nawe kabla hujapakia mavuno ya msimu huu fanya hivyo hivyo. Usiposikia mlio, usipakie.

Mwenye swali aniulize, nikishindwa nitamuuliza fundi. Kazi njema.